Samoa ya Marekani: Timu ya Mabao 31 na Miaka Iliyofuata

Timu ya soka ya Samoa ya Marekani ilishuka dimbani kwa mara ya kwanza Agosti 1983 mjini Apia, kwenye Michezo ya Pasifiki ya Kusini, ikafungwa 3-1 na majirani zake wa Samoa Magharibi. Siku chache baadaye iliichapa Wallis na Futuna 3-0. Ushindi huo ulikaa peke yake katika kumbukumbu za timu kwa miaka 28.

Timu hiyo huitwa ya taifa kwa sababu kanuni za soka zinaruhusu, lakini Samoa ya Marekani si dola. Ni himaya ya Marekani kusini mwa Pasifiki, yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 200 na watu wasiofika elfu sitini. Wengi wao wanaishi Tutuila, kisiwa chembamba chenye milima mikali na bandari ya Pago Pago, na wachache wako mashariki kwenye visiwa vya Manu'a. Mwaka 1899 mataifa makubwa yalikaa mezani kugawana visiwa vya Samoa: Ujerumani ikachukua upande wa magharibi, Marekani upande wa mashariki. Machifu wa Tutuila walitia saini hati ya kukabidhi ardhi yao mwaka 1900, wale wa Manu'a wakafuata 1904. Jeshi la wanamaji la Marekani lilitawala hadi 1951. Upande wa magharibi uliingia mikononi mwa New Zealand mwaka 1914, ukapata uhuru 1962, na leo unaitwa Samoa tu.

Mpaka huo ulichorwa katikati ya ukoo mmoja. Lugha ni ile ile na ndugu wako pande zote mbili, na kwa miaka mingi watu wa Samoa huru wamevuka kwenda Tutuila kutafuta kazi, hasa kwenye viwanda vya kusindika samaki aina ya jodari vilivyo kando ya bandari. Watoto wao husoma hapo na hucheza hapo. Pasipoti ndiyo inayowatenganisha. Mzaliwa wa Samoa ya Marekani hupata pasipoti ya Marekani, ingawa sheria inamhesabu kuwa mtu wa himaya na haimpi uraia kamili kwa kuzaliwa. Jirani yake aliyezaliwa Apia ana pasipoti ya nchi nyingine kabisa. Katika maisha ya kila siku tofauti hiyo haina uzito mkubwa, ila kwenye soka iligharimu sana.

Jambo la pili lililoidhoofisha timu ni ushindani wa michezo mingine. Shule za sekondari za Tutuila zinafuata mtaala wa Kimarekani, na pamoja na mtaala ukaja mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega ya plastiki. Kijana mwenye mwili na mbio anajua kwamba mchezo huo unaweza kumpatia nafasi ya chuo kikuu Hawaii au California, na akibahatika, mkataba kwenye ligi ya kulipwa ya NFL, ambayo kwa miongo kadhaa imejaa wachezaji wenye asili ya Kisamoa. Raga nayo ina wapenzi wake. Soka iliokota waliobaki. Michezo ya Pasifiki ya Kusini ya 1987 ilionyesha hali ilivyokuwa: Papua Guinea Mpya iliifunga Samoa ya Marekani 20-0.

Mwaka 1998 FIFA iliipokea Samoa ya Marekani kuwa mwanachama. Uanachama ulileta fedha za maendeleo na haki ya kushiriki mechi za kufuzu Kombe la Dunia. Ulileta pia masharti, na miaka mitatu baadaye timu iliyaonja.

Mechi za kufuzu fainali za 2002 kwa kanda ya Oceania zilipangwa kwa makundi mawili. Kundi la kwanza lilikutana Aprili 2001 Coffs Harbour, mji wa pwani wa Australia, likiwa na wenyeji, Fiji, Tonga, Samoa na Samoa ya Marekani. Hapakuwa na hatua ya awali ya kuwachuja wanyonge. Timu yenye wachezaji wa klabu za Ulaya iliwekwa kundi moja na timu ya wanafunzi na vibarua, na mechi zote zikabanwa ndani ya siku kumi.

Kabla ya safari, FIFA ilikumbusha kwamba kila mchezaji lazima awe na pasipoti ya Marekani. Katika kikosi cha watu 20 kilichokuwa kimeandaliwa, aliyesalia na sifa ni mmoja tu: golikipa Nicky Salapu, kijana wa miaka 20. Kocha Tunoa Lui aligeukia timu ya vijana chini ya miaka 20, akakuta wengi wao wako kwenye mitihani ya sekondari. Ikabidi aokoteze. Kikosi kilichopanda ndege kilikuwa na wastani wa umri wa miaka 18 hivi, na ndani yake mlikuwa na wavulana watatu wa miaka 15. Kwa maelezo ya kocha, baadhi yao walikuwa hawajawahi kucheza dakika 90 kamili.

Fiji iliwafunga 13-0 Aprili 7. Samoa ikawafunga 8-0 siku mbili baadaye, siku ambayo Australia iliibamiza Tonga 22-0 na kuvunja rekodi ya mechi za kufuzu Kombe la Dunia, iliyokuwa ya Iran kwa ushindi wake wa 19-0 dhidi ya Guam. Rekodi hiyo mpya iliishi saa arobaini na nane.

Aprili 11, dhidi ya Australia na mbele ya watazamaji kama elfu tatu, vijana wa Tutuila walihimili dakika tisa. Katika dakika ya 10 Con Boutsianis alifungua hesabu kutokana na kona ya upande wa kushoto, na kuanzia hapo mabao yakamiminika. Archie Thompson na David Zdrilic hawakuwa chaguo la kwanza la kocha Frank Farina. Walipewa nafasi kwa sababu washambuliaji wa kawaida walikuwa wanapumzishwa, na mshambuliaji anayetafuta namba hana sababu ya kuwahurumia wapinzani. Mapumziko yalifika kwa 16-0. Thompson alimaliza na mabao 13, Zdrilic na manane. Rekodi ya awali ya mabao ya mchezaji mmoja katika mechi moja ya kimataifa ilikuwa 10, idadi iliyofikiwa mara mbili, kwenye Olimpiki za 1908 na 1912. Samoa ya Marekani ilipiga shuti moja la maana, dakika chache kabla ya kipenga cha mwisho, likaishia mikononi mwa golikipa.

Hata hesabu ilileta utata. Ubao wa matokeo ulionyesha 32-0, kwa kuwa mwenye kuuendesha alipotelewa na idadi katikati ya mvua hiyo ya mabao, na ilibidi kumbukumbu za mwamuzi zikaguliwe ndipo 31 ikathibitishwa. Thompson mwenyewe alikuwa amehesabiwa 14 kwanza, kisha likapunguzwa moja.

Ni rahisi kuangalia matokeo hayo na kumcheka golikipa, lakini anayestahili lawama ndogo kuliko wote ni Salapu. Aliokoa mipira mingi, na bila yeye idadi ingepita arobaini. Kazi ya kuwafungisha ilikuwa imefanyika mezani, kwenye dawati la pasipoti, kwenye ratiba ya mitihani na kwenye upangaji wa makundi, wiki kadhaa kabla ya mpira kuanza. Siku tatu baada ya kipigo hicho Tonga iliwafunga 5-0. Timu iliondoka Coffs Harbour ikiwa imefungwa mabao 57 katika mechi nne, bila kufunga hata moja.

Kwa Australia ushindi huo ulikuwa tatizo la aina yake. Ilishinda kanda kwa urahisi, halafu Novemba mwaka huo ikaenda kwenye mchujo dhidi ya Uruguay na kutolewa, ikiwa haijapata mechi ngumu za kuinoa. Malalamiko kwamba Oceania haiwajengi wachezaji wake yaliendelea hadi Januari 2006, nchi hiyo ilipohamia shirikisho la Asia.

Huku Tutuila vipigo viliendelea. Mechi za kufuzu za 2004 zilileta 11-0 kutoka kwa Fiji na 10-0 kutoka kwa Papua Guinea Mpya. Septemba 2009 tetemeko kubwa la ardhi chini ya bahari lilisababisha tsunami iliyovipiga visiwa vyote vya Samoa. Upande wa Marekani peke yake watu zaidi ya thelathini walifariki na vijiji vya pwani viliharibiwa. Siku hizo hizo za maombolezo kijiji hadi kijiji, kiwanda kimoja kikubwa cha samaki kilikuwa katika hatua za mwisho za kufunga milango, na zaidi ya watu elfu mbili wakapoteza ajira. Mpira haukuwa jambo la kwanza kwa mtu yeyote. Kwenye Michezo ya Pasifiki ya 2011 huko Kaledonia Mpya timu ilicheza mechi tano, ikafungwa zote, bila bao.

Miezi michache baadaye, Novemba 2011, ilikuwa zamu ya kufuzu Kombe la Dunia la 2014. Safari hii mfumo ulikuwa umebadilika, na timu nne dhaifu zaidi za kanda, yaani Samoa, Tonga, Visiwa vya Cook na Samoa ya Marekani, zilikutana kwanza Apia zenyewe kwa zenyewe ili mmoja asonge mbele. Mabadiliko haya ya ratiba hayatajwi sana masimulizi ya timu hii yanapotolewa, ingawa uzito wake haupungui ule wa jambo lingine lolote lililotokea mwaka huo. Kwa mara ya kwanza timu ilikuwa inapambana na wa kiasi chake.

Shirikisho la visiwa liliomba msaada Marekani, nalo likaletewa Thomas Rongen, Mholanzi aliyewahi kuipa D.C. United ubingwa wa ligi ya Marekani mwaka 1999 na kuifundisha timu ya vijana ya nchi hiyo. Alikuwa na wiki tatu hivi. Alikuta wachezaji wazito, wasio na pumzi, wenye kazi za kutwa, katika jamii ambayo Jumapili ni ya kanisa. Alianza na mazoezi ya nguvu na stamina, akapanga ulinzi, kisha akaita watoto wa visiwa walioko nje. Salapu, ambaye alikuwa amehamia Seattle akiwa bado anabeba mzigo wa 31, alirudi langoni akiwa na miaka 31. Ramin Ott alitoka kwenye jeshi la Marekani. Beki Jaiyah Saelua alikuwa amesoma Hawaii. Yeye ni fa'afafine, yaani mmoja wa watu wanaozaliwa wanaume lakini wanaoishi kwa mwenendo wa kike, na ambao jamii ya Wasamoa imewapa nafasi yao tangu zamani. Kikosini hakuna aliyelishangaa jambo hilo. Vyombo vya habari vya nje ndivyo vilivyolivumisha, vikimtaja kuwa mtu wa kwanza wa jinsia ya aina hiyo kuonekana wazi katika mechi ya kufuzu Kombe la Dunia.

Novemba 22 walikutana na Tonga. Dakika mbili kabla ya mapumziko Ott alipiga shuti la mbali ambalo golikipa wa Tonga alishindwa kulidaka vizuri, likajaa wavuni. Dakika ya 74 Shalom Luani aliukimbilia mpira mrefu na kuuinua juu ya golikipa aliyetoka langoni. Tonga ilirudisha moja dakika ya 88, na zilizobaki zilikuwa za kuondosha mpira popote pale. Matokeo yakawa 2-1, ushindi wa kwanza wa Samoa ya Marekani katika mechi inayotambuliwa na FIFA tangu ijiunge.

Siku mbili baadaye walitoka sare 1-1 na Visiwa vya Cook, Luani akifunga tena. Mechi ya mwisho dhidi ya Samoa ilikuwa ya kufa au kupona, kwani aliyeshinda angesonga mbele. Uwanja ulikuwa umelowa mvua. Mpira wa Samoa ya Marekani uligonga mwamba mwishoni kabisa, na muda si mrefu Silao Malo akaifungia Samoa bao pekee, dakika ya 90. Zawadi ya Samoa ilikuwa kwenda kwenye Kombe la Mataifa ya Oceania la 2012, ambako ilifungwa 10-1 na Tahiti. Tahiti ikatwaa kombe hilo, ikaenda Brazil kwenye Kombe la Mabara la 2013, na Hispania ikaifunga 10-0. Ngazi ya soka ya Pasifiki ni ndefu, na kila aliye juu ya mwenzake ana wa kumtandika.

Filamu ya hali halisi kuhusu wiki hizo za Apia, iliyoongozwa na Mike Brett na Steve Jamison, ilitoka 2014. Mwaka 2023 Taika Waititi aliigeuza kuwa filamu ya kuigiza, Michael Fassbender akicheza nafasi ya Rongen. Zote mbili zinaishia 2011, na kwa hiyo zinakosa mashindano ambayo timu ilifanya vizuri zaidi.

Hayo yalichezwa Tonga mwaka 2015, kwa timu zile zile nne. Samoa ya Marekani ilianza kwa kufungwa 3-2 na Samoa, kisha ikawafunga wenyeji 2-1 na kuwafunga Visiwa vya Cook 2-0. Timu tatu zilimaliza zikiwa na pointi sita kila moja, na Samoa ikapita kwa tofauti ya bao moja tu. Ushindi mara mbili katika mashindano mamoja haukuwahi kutokea kabla yake, na safari hii hapakuwa na kocha wa kutoka ng'ambo wala kamera.

Luani hakuwa sehemu ya mipango ya muda mrefu ya soka. Alifuata njia ya wenzake wengi, akaenda Marekani, akacheza mpira wa Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, na mwaka 2017 Oakland Raiders ya NFL ikamchagua katika raundi ya saba. Samoa ya Marekani haikushiriki kufuzu kwa ajili ya 2022, wakati mipaka ya Pasifiki ilipofungwa kwa janga la korona. Ilirudi Apia Septemba 2024 kwa hatua ya awali ya kuelekea Kombe la Dunia la 2026, na kwa mara nyingine iliyopita ni Samoa.