Taji la Mezani

Watu wa mpira wana msemo wa "ushindi wa mezani", wakikusudia ule ushindi ambao timu huupata kwa kalamu na mhuri, ama kwa kuwa mpinzani wake hakufika uwanjani, ama kwa kuwa amevunja kanuni. Na msemo huo aghalabu hutamkwa kwa sauti ya chini, kwani hata aliyenufaika nao huona haya kujisifu kwao. Tarehe 30 Aprili 2020, Shirikisho la Soka la Kenya, kwa kauli ya rais wake Nick Mwendwa, lilitangaza kwamba ligi imekoma kwa sababu ya maradhi ya korona, na kwamba Gor Mahia ndio mabingwa. Na hivyo klabu ile ikalipokea taji lake la 19 bila ya mchezaji wake yeyote kugusa mpira siku hiyo, na bila ya shabiki hata mmoja kupuliza vuvuzela. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba taji lile lilistahiki. Lakini naamini vilevile kwamba msimu ule haukuuawa na korona peke yake, kwani maradhi yaliukuta ukiwa tayari kitandani.

Ili mtu afahamu uzito wa jambo hili, yafaa akumbuke Gor Mahia ni kina nani. Klabu hii ilizaliwa mwaka 1968, kwa kuungana vilabu vilivyokuwa vya jamii ya Wajaluo, ikapewa jina la Gor, mganga mwenye karama anayesimuliwa katika visa vya watu wa ziwani. Na wapenzi wake mpaka leo huiita K'Ogalo. Mwaka 1976 iliumaliza msimu bila ya kufungwa. Mwaka 1987 ikalitwaa Kombe la Washindi barani Afrika, lililojulikana wakati huo kwa jina la Mandela, baada ya kutoka sare ya 2-2 na Espérance mjini Tunis na sare ya 1-1 Nairobi, kwa fadhila ya mabao ya ugenini. Na hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyopata kuleta nyumbani kombe la bara. Kisha kikaja kiangazi kirefu: baada ya ubingwa wa mwaka 1995, watoto walizaliwa, wakasoma, wakabaleghe, pasina kuiona timu ya baba zao ikiinua kombe la ligi, mpaka mwaka 2013. Watu waliosubiri miaka 18 hawawezi kulichukulia taji kuwa ni jambo dogo, wala hawawezi kuona sawasawa taji linalochezewa na taji linalosomwa katika tangazo.

Sasa tuutazame ule ugonjwa wa mwanzo. Katikati ya mwaka 2019 kampuni ya kamari ya SportPesa, iliyokuwa ikiidhamini ligi yenyewe pamoja na Gor Mahia na mahasimu wao AFC Leopards, ilikorofishana na serikali kwa mambo ya kodi na leseni, ikaufuta udhamini wake nchini. Nyumba iliyojengwa juu ya nguzo moja ilianguka kwa mshindo mmoja. Mishahara ikachelewa, kisha ikakoma; wachezaji wa kigeni wakafunga mizigo yao; mwaka huohuo Jacques Tuyisenge, Mnyarwanda aliyekuwa tegemeo la mashambulizi, akaenda Angola, na Francis Kahata, kiungo mwenye mguu wa kushoto uliopendwa na wengi, akahamia Simba ya Dar es Salaam. Huko nyanda za miwa, ambako viwanda vya sukari vilikuwa vimezorota kwa miaka, hali ilikuwa mbaya zaidi: Sony Sugar ya Awendo ilishindwa kufika uwanjani mara tatu ikatolewa katika ligi, na Chemelil ikawa inajikokota mkiani. Vijana hawa walikuwa wakicheza mpira wa kulipwa bila ya kulipwa, na sijui neno jingine la kuliita jambo hilo ila dhuluma.

Ajabu ni kwamba Gor Mahia, katika dhiki hiyo, walikuwa wakishinda. Mwezi wa Novemba waliwatandika Leopards mabao 4-1 katika lile pambano ambalo Wakenya huliita la mashemeji, na mapema mwezi wa Machi wakawafunga tena. Siku chache baadaye, tarehe 13 Machi 2020, serikali ikatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Mikusanyiko ikapigwa marufuku, ligi ikasimamishwa, na kabla mwezi haujaisha kukawa na amri ya kutotoka nje usiku. Wakati huo Gor walikuwa na pointi 54 katika mechi 23, na waliowafuatia, Kakamega Homeboyz, walikuwa nyuma kwa pointi saba, huku zaidi ya robo ya msimu ikiwa bado haijachezwa. Pointi saba ni nyingi, lakini si ubingwa. Homeboyz walikuwa hawajapata kutwaa ligi hata mara moja, na wana haki ya kuuliza mechi zile zilizobaki zingezaa nini. Tena miaka miwili baadaye, mwaka 2022, wakaukosa ubingwa kwa Tusker kwa tofauti ya mabao tu, na siwezi kuwalaumu wakiona kwamba kalamu na hesabu zimewaandama.

Tangazo la Aprili lilizusha ugomvi mara moja. Kampuni iliyokuwa ikiiendesha ligi ilidai kwamba shirikisho halina mamlaka ya kuufunga msimu, na shauri likafikishwa mbele ya baraza la kuamua migogoro ya michezo. Msomaji asidhani kwamba ugomvi ule ulikuwa juu ya maradhi. Mkataba baina ya kampuni na shirikisho ulikuwa ukielekea ukingoni mwaka huohuo, na kila upande ulitaka kuonekana ndio mwenye ligi. Wakubwa wakishindana kwa barua na mawakili, mchezaji alikuwa amekaa chumbani kwake bila ya mshahara, bila ya mazoezi, na bila ya kujua kama kazi yake ingali ipo. Mwisho wa yote Gor walibaki mabingwa, Chemelil wakashuka, na Nairobi City Stars pamoja na Bidco wakapanda.

Majirani walichagua njia mbalimbali. Uganda waliufunga msimu, wakawavika taji Vipers. Rwanda wakafanya hivyohivyo kwa APR, waliokuwa wamecheza mechi 23 bila ya kufungwa, wakishinda 17 na kutoka sare sita. Tanzania ikangoja, na mwezi wa Juni mpira ukarudi. Simba wakaukamilisha ubingwa wao mjini Mbeya tarehe 28 mwezi huo kwa sare tasa na Prisons. Hapa ndipo moyo wa shabiki wa K'Ogalo unapochomwa, kwani katika kikosi kile cha Simba alikuwamo Kahata, na alikuwamo Meddie Kagere, aliyewahi kuivaa jezi ya kijani ya Gor, naye akaumaliza msimu akiwa mfungaji bora kwa mabao 22. Wale waliovuka mpaka kufuata riziki ndio waliojaaliwa kuuona msimu mpaka tamati yake, wakalinyanyua kombe kwa mikono iliyotoka jasho. Na wale waliobaki nyumbani kwa uaminifu wakapewa habari.

Mwishoni mwa mwaka kulitokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Katika hatua ya awali ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika, kura iliwakutanisha Gor Mahia na APR, mabingwa wawili ambao wote walikuwa wamevikwa taji na shirikisho pasina kuzimaliza mechi zao. Kigali, APR walishinda 2-1. Tarehe 5 Desemba 2020 wakarudiana Nairobi, na Gor Mahia wakashinda 3-1.