Mabomu Juu ya Msalaba Mwekundu

Asubuhi ya 16 Septemba 1942, watu waliokuwa wamebanana kwenye sitaha ya nyambizi ya Kijerumani U-156, katikati ya bahari ya Atlantiki, walisikia muungurumo wa ndege. Ilikuwa B-24 Liberator ya Marekani. Wengi wao walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi: nusu yao walikuwa Waingereza, na Marekani ilikuwa upande wao.

Kisa kilianza siku nne nyuma. Meli ya abiria ya Kiingereza Laconia, iliyogeuzwa kuwa ya kubebea wanajeshi, ilikuwa ikitoka Suez kwenda Uingereza kwa kuzunguka Afrika nzima, ikapitia Mombasa na Cape Town. Ndani yake walikuwamo watu wapatao 2,700. Karibu 1,800 walikuwa mateka wa kivita wa Kiitaliano, wamefungiwa chini kabisa na kulindwa na askari wa Kipolandi. Waliobaki walikuwa mabaharia, wanajeshi wa Kiingereza, na familia zilizokuwa zikirudi kwao, watoto wakiwamo. Tarehe 12 Septemba, saa mbili usiku, Kapteni Werner Hartenstein wa U-156 akaipiga kwa topido.

Baadaye Hartenstein amesifiwa sana, hata kupita kiasi. Aliyewatia watu wale majini ni yeye. Ila alipoibuka na kusikia sauti za Kiitaliano zikiomba msaada gizani, akang'amua kwamba amezamisha mamia ya washirika wa Ujerumani, alianza kuokoa, na hakubagua. Mateka na walinzi wao, wanawake na watoto, wote walivutwa wakapandishwa. Wakapewa supu na kahawa ya moto. Mkuu wake, Admirali Karl Dönitz, alituma nyambizi nyingine mbili, U-506 na U-507, na ya Kiitaliano iitwayo Cappellini. Wafaransa wa serikali ya Vichy nao wakaombwa walete manowari zao kutoka Afrika Magharibi.

Asubuhi ya tarehe 13 Hartenstein alifanya jambo ambalo makapteni wa nyambizi hawalifanyi. Alitangaza redioni kwa Kiingereza, bila msimbo wowote, mahali hasa alipo, akaahidi kutoishambulia meli yoyote itakayokuja kuokoa, mradi asishambuliwe yeye. Waingereza walioupata ujumbe huo waliuona ni mtego. Na kwa vita ilivyokuwa, ni nani angewalaumu? Walichokosea ni kilichofuata. Walipowasiliana na Wamarekani wa kisiwa cha Ascension, waliokuwa na uwanja wa ndege wa siri pale, waliwapa habari za Laconia na za meli zinazokwenda kusaidia, lakini ile ahadi ya nyambizi hawakuitaja. Uongo usingeleta madhara zaidi ya habari hiyo nusunusu.

Ndiyo maana rubani Luteni James Harden alipoiona U-156 hakuelewa anachokiona. Nyambizi ya adui imetandaza bendera kubwa ya Msalaba Mwekundu, mashua nne zimefungwa kamba nyuma yake. Ofisa mmoja wa Jeshi la Anga la Uingereza aliyeokolewa aliruhusiwa kutumia taa ya ishara, akamwambia rubani kwamba ndani mna manusura wa Laconia, wakiwamo wanawake na watoto. Harden hakujibu. Aligeuza ndege, akaenda kando, akauliza Ascension afanye nini. Kapteni Robert Richardson, aliyekuwa zamu, alimjibu aizamishe.

Richardson alikuja kujieleza baada ya miaka mingi: alijua kuna meli za upande wake njiani, aliuhofia uwanja wake usigunduliwe, na alidhani Wajerumani wanaokoa Waitaliano peke yao. Kila hoja ina uzito wake. Lakini kati ya mara ya kwanza ndege ilipopita na mara ya pili ilipita saa nzima, na katika saa hiyo hakuna aliyerudi kuuliza walio majini ni akina nani.

Saa sita unusu mchana Liberator ilirudi ikaanza kudondosha mabomu. Moja liliangukia katikati ya mashua na kuua makumi ya watu. Jingine liliijeruhi nyambizi. Hartenstein aliamuru kamba zikatwe, akawaambia waliokuwa sitahani waruke majini, kisha akazama polepole ili wapate nafasi ya kujitoa. Siku iliyofuata ndege kutoka Ascension iliishambulia pia U-506, iliyokuwa imebeba manusura zaidi ya 100, nayo ikaponea chupuchupu.

Manowari za Kifaransa ziliokoa watu karibu 1,100. Mashua mbili hazikuonekana. Moja ilifika pwani ya Liberia baada ya siku 27, ikiwa na watu 16 kati ya 68 walioanza nayo safari. Muuguzi Doris Hawkins alikuwa mmoja wao, naye aliandika habari hizo mwaka uliofuata. Ya pili ilielea siku 40 hadi meli ya Kiingereza ilipoiokota. Kati ya watu 52, wanne walikuwa hai.

Tarehe 17 Septemba Dönitz alitoa amri: tangu hapo nyambizi zisiokoe mtu wa meli iliyozamishwa. Amri hiyo ililetwa mbele ya mahakama ya Nuremberg kama ushahidi dhidi yake, ikamgeukia mshitaki, kwa kuwa habari za mabomu ya tarehe 16 zilitajwa kizimbani, na Admirali Chester Nimitz wa Marekani alikiri kwa maandishi kwamba hata nyambizi zao huko Pasifiki kwa kawaida hazikuwa zikiokoa adui. Dönitz alifungwa miaka 10 kwa makosa mengine.

Harden na wenzake walitunukiwa nishani kwa madai kwamba wameizamisha U-156. Nyambizi hiyo ilizama kweli 8 Machi 1943, mashariki ya Barbados, baada ya kupigwa na ndege nyingine ya Kimarekani. Hartenstein na mabaharia wake wote walikufa.