Nakala elfu nne: historia ya biashara ya magemu ya watu wachache

Mwaka 2009, Jeff Vogel, mtengenezaji wa magemu ya kompyuta wa Seattle, Marekani, aliweka hesabu zake hadharani. Gemu lake la Geneforge 4, lililokuwa sokoni kwa zaidi ya miaka miwili, lilikuwa limeuza nakala zisizofika 4000. Bei ilikuwa dola 28. Gharama ya kulitengeneza, ukiingiza ujira wake, wa mkewe na malipo ya wachoraji, aliikadiria kuwa dola 120,000 hivi. Piga hesabu uone: palibaki padogo tu lirudishe fedha zake.

Miaka hiyo kampuni kubwa za magemu zilikuwa zikihesabu mauzo kwa mamilioni, na mkurugenzi ambaye angepeleka nakala 4000 mbele ya bodi yake angefukuzwa siku hiyohiyo. Vogel hakuwa na bodi. Alikuwa amefanya kazi hiyo tangu 1994, ndiyo iliyokuwa ikilisha familia yake, na wala hakuwa analia. Alitaka watu wajue kwamba biashara ya aina hii ipo, na jinsi inavyokwenda.

Magemu anayotengeneza ni yale ya kuvaa uhusika. Mchezaji huchagua awe mpiganaji, mchawi au mwizi, huanza akiwa mnyonge, kisha hukua kwa kupigana, kuzungumza na watu na kufanya maamuzi yanayobadilisha mkondo wa hadithi. Ni magemu ya kusoma. Moja linaweza kumchukua mtu saa 50, na sehemu kubwa ya saa hizo anasoma maneno kwenye kioo. Wengi huchoka mapema. Wachache wanaobaki hulipenda kwa dhati na hurudi kununua lijalo. Swali la biashara limekuwa hilo moja tangu mwanzo: wachache hao wanatosha kumlipa aliyelitengeneza?

Mwanzo wenyewe ulikuwa mdogo. Mwaka 1979 kijana Richard Garriott, aliyekuwa akifanya kazi katika duka la kompyuta huko Texas, aliandika gemu kwenye kompyuta ya Apple II akaliita Akalabeth. Bosi wake alipoliona akamshauri aliuze. Garriott akatumia kama dola 200 kutoa nakala na kuchapa maelezo, mama yake akachora picha ya jalada, vyote vikatiwa kwenye mifuko ya plastiki na kupangwa dukani. Wanunuzi walikuwa wa kuhesabika. Lakini nakala moja ilifika kwa kampuni ya California Pacific, nayo ikaingia mkataba wa kulisambaza. Kwa masimulizi ya Garriott mwenyewe, ziliuzwa nakala 30,000 na kila moja ilimpa dola 5, yaani dola 150,000 kwa kijana ambaye ndiyo kwanza anamaliza shule. Kutoka hapo ukazaliwa mfululizo wa Ultima, na gemu jingine la mwaka 1988, Pool of Radiance, lililojengwa juu ya kanuni za mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons, likavuka nakala 250,000.

Fedha zilipoingia, gharama nazo zikapanda. Kazi iliyokuwa ya mtu mmoja ikawa ya watu kumi, kisha hamsini. Wachoraji, watunzi wa muziki, waigizaji wa sauti, masanduku ya kupendeza, nafasi ya mbele madukani: vyote vililipiwa na mchapishaji, na mchapishaji akitoa fedha mara nyingi huondoka na hakimiliki. Naomba msomaji alishike hilo la hakimiliki, kwa sababu nadhani ndilo lililoamua mambo kuliko ubora wa gemu lolote.

Mfano ulio wazi ni Planescape: Torment. Lilitoka Desemba 1999, kazi ya Black Isle, kitengo cha kampuni ya Interplay huko California, chini ya mbunifu Chris Avellone. Mhusika mkuu ni mtu asiyekufa ambaye anaamka katika chumba cha maiti bila kukumbuka jina lake, mwili umejaa makovu na chale, na wa kwanza kuzungumza naye ni fuvu linaloelea hewani. Maandishi yake yanakadiriwa kufika maneno 800,000, wingi wa vitabu kadhaa vinene vya riwaya. Wachambuzi walilisifu kwa sauti moja, na hadi leo kila orodha ya magemu yaliyoandikwa vizuri hulitaja. Dukani halikutamba. Lilitoka msimu wenye ushindani mkali, likiwa na jalada lenye uso ambao haukumwambia mpita njia lolote.

Si kwamba Torment lilikosa wapenzi. Lilipofufuliwa mwaka 2017 likiwa limerekebishwa kwa kompyuta za kisasa, watu walilinunua tena, na vijana waliokuwa hawajazaliwa lilipotoka walilisoma kama mtu asomavyo riwaya ya zamani iliyochapishwa upya. Wapenzi walikuwepo, ila walikuja polepole, na kampuni yenye mamia ya watu wa kulipa mshahara mwisho wa mwezi haiwezi kuwasubiri wateja wanaokuja polepole. Desemba 2003 Interplay ilikifunga kitengo cha Black Isle. Miaka minne baadaye ikauza hakimiliki ya Fallout, mfululizo uliozaliwa ndani ya kampuni hiyohiyo, kwa dola milioni 5.75. Mnunuzi alikuwa kampuni ya Bethesda, na tangu hapo Fallout imemwingizia mara nyingi zaidi ya fedha hiyo. Waliobuni Fallout la kwanza, lililotoka mwaka 1997, hawakuwa na cha kudai.

Turudi Seattle. Vogel alikuwa mwanafunzi wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Washington alipoanza kuandika gemu lake la kwanza, Exile, lililotoka mwaka 1995. Kisa chake ni rahisi kukielewa. Dola kuu inayotawala dunia yote huwachukua wakaidi, wabishi na wasiofaa, ikawatupa chini ya ardhi, katika mapango yasiyo na njia ya kutokea. Mchezaji anaanza na kikundi cha wahamishwa 6 waliotupwa humo siku hiyo. Wanakuta watu wamejenga miji gizani, wanalima uyoga, wanawinda mijusi, na wana mipango ya kulipiza kisasi. Picha zake zilikuwa vijisanamu vidogo mno, na sauti zilikuwa chache. Uzito wote ulikuwa katika hadithi.

Namna alivyoliuza inastahili kuangaliwa kwa karibu. Wakati huo intaneti ilikuwa changa na madukani hapakuwa na nafasi ya mtu asiye na mchapishaji. Vogel alitoa sehemu kubwa ya gemu bure. Mtu alilipata kwenye diski au kwa laini ya simu, akacheza kwa saa nyingi, akazunguka mapango, akafahamiana na watu wa humo. Kisha akafika mahali njia imezibwa, pepo amesimama mbele yake akimweleza kwamba huko mbele hawapiti ila waliolipa. Aliyetaka kuendelea alipiga simu au alituma hundi kwa posta, naye akatumiwa namba ya kufungulia. Hakukuwa na tangazo la televisheni. Hakukuwa na muuzaji wa kati wa kuchukua chake. Mteja alionja kwanza, na aliyelipa alijua hasa anachokinunua. Mfumo huu, kwa maoni yangu, ulikuwa wa haki kuliko mingi iliyokuja baadaye, na ulimpa Vogel kitu ambacho Black Isle hawakuwahi kuwa nacho: orodha ya wateja wake mwenyewe.

Aliwajua, na aliwahesabu. Kila gemu aliloandika alilipangia gharama kwa kutazama wangapi walinunua lililopita. Picha alizitumia tena na tena, kutoka gemu hadi gemu, na kila mara wapo waliomlaumu kwamba sura ni zilezile. Alivumilia lawama hizo miaka nenda miaka rudi, kwa sababu mchoraji wa kudumu angemlazimu auze nakala nyingi zaidi, na nakala hizo hakuwa na hakika nazo. Anayesoma kwa ajili ya hadithi alimsamehe. Aliyetaka kupendezesha macho alikuwa na mamia ya magemu mengine ya kununua.

Na kwa kuwa hakimiliki ilibaki nyumbani kwake, kazi haikuishiwa thamani. Mwaka 2000 aliliandika upya Exile kwa kompyuta mpya za wakati huo, akaliita Avernum. Mwaka 2011 akaliandika tena, mara ya tatu, likatoka kama Avernum: Escape from the Pit. Mapango ni yaleyale, uyoga ni uleule, na fedha ikaingia tena. Kuna waliomwona kama mtu aliyeishiwa mawazo. Mimi naona mkulima anayetunza shamba lake. Gemu la kompyuta huzeeka upesi kuliko kitabu, kwani baada ya miaka kumi mara nyingi mashine mpya hazilifungui, na asiyeliandika upya huliacha life.

Hesabu za mwaka 2009 ziliangukia ukingoni mwa mabadiliko. Duka la mtandaoni la Steam, lililoanzishwa na kampuni ya Valve mwaka 2003, lilikuwa limeanza kupokea magemu ya watengenezaji wadogo. Mwaka 2011 Vogel aliingiza humo gemu lake jipya, Avadon, na akaliweka pia kwenye iPad. Bei ilishuka hadi kama dola 10, wanunuzi wakaongezeka maradufu na zaidi. Ikawa neema, lakini haikukaa sana kwa kila mtu, maana mlango uliofunguliwa kwake ulifunguliwa pia kwa maelfu. Miaka michache baadaye Steam ilikuwa ikipokea maelfu ya magemu mapya kila mwaka, na gemu zuri liliweza kupotea humo bila mtu kulitambua.

Kisha ikaja harambee. Mwaka 2012, kupitia mtandao wa Kickstarter, wapenzi wa magemu haya waliombwa kuchangia kabla gemu halijatengenezwa. Kampuni ya Obsidian, waliko baadhi ya wale wa Black Isle, iliomba dola milioni 1.1 kwa ajili ya gemu ambalo baadaye liliitwa Pillars of Eternity. Ilipata karibu milioni 4, kutoka kwa watu zaidi ya 70,000. Lilitoka mwaka 2015 na likauzwa vizuri, hata pakadhaniwa kwamba enzi ya Torment imerudi. La pili lilitoka mwaka 2018, limeboreshwa kila upande, lenye sauti za waigizaji kila mahali, lenye gharama kubwa zaidi. Likapokelewa kwa sifa, na mauzo ya mwanzo yakawavunja moyo waliolitengeneza.  Gharama ilikuwa imekua, ikawaacha wapenzi nyuma.

Afrika imo katika historia hii. Mjini Yaoundé, Kamerun, Olivier Madiba alianza kuota gemu la kuvaa uhusika mwaka 2003 akiwa chuoni. Miaka kumi baadaye akaanzisha kampuni ya Kiro'o Games, akakusanya mtaji kwa kuuza hisa kwa wawekezaji wadogo, na mwaka 2015 akapitisha mchango Kickstarter uliofika karibu euro 50,000. Vijana wake walifanya kazi katika mji ambao umeme hukatika bila taarifa. Aprili 2016 gemu hilo, Aurion, likatoka kwenye Steam. Mwanamfalme Enzo Kori-Odan anapinduliwa na shemeji yake siku ya kutawazwa, ndiyo pia siku ya ndoa yake, naye anatoka na mkewe Erine kwenda kutafuta nguvu walizoziacha mababu. Hapa mke hapotei baada ya ukurasa wa kwanza: ni mshauri na mwenzi wa vita mwanzo hadi mwisho, na sijui magemu mengi yaliyothubutu hivyo.

Tatizo la Aurion lilikuwa sokoni. Lilitengenezwa Yaoundé, likauzwa katika duka lenye makao Marekani, kwa malipo ya kadi, kwa wateja wenye kompyuta za nguvu, ambao wengi wao hawako Kamerun. Wale ambao hadithi ilikuwa yao walikuwa na simu mkononi. Kiro'o waliligundua hilo na baadaye wakageukia pia magemu ya simu. Lakini Aurion bado ni mali yao, na bado linauzwa.

Vogel naye, kwa kuwa hakimiliki ilikuwa bado yake, mwaka 2021 alitoa Geneforge 1: Mutagen, gemu lake la mwaka 2001 lililoandikwa upya kwa mchango wa wapenzi, na mwaka 2024 likafuata la pili, Infestation. Kwa kijana wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura anayeandika gemu lake usiku baada ya kazi, ninalo neno moja. Siku mchapishaji atakapokuletea mkataba, anza kusoma kipengele cha hakimiliki kabla hujatazama kiasi cha fedha, na kama kinasema gemu litakuwa lake, mwombe kiasi kidogo zaidi ubaki nalo wewe.