Wasomaji Walioitikisa Kano

Mwanamke wa Kihausa aliyetawishwa haendi sokoni. Katika mji wa kale wa Kano, kaskazini mwa Nigeria, mke hushinda uani na shughuli zake za nje hufanywa na watoto. Wao ndio wanaotembeza vyakula alivyopika, wao ndio wanaotumwa uzi na sabuni. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 watoto hao walianza kutumwa kitu kingine. Walirudi na vijitabu vyembamba vya bei nafuu, jalada la rangi, picha ya binti na kijana mbele, na mara nyingi picha ya mwandishi pamoja na anwani yake. Kitabu kikishaingia ndani hakikuwa tena cha mtu mmoja. Mke mkubwa alikisoma, mke mdogo akakiazima, kikavuka ukuta kwenda kwa jirani, na asiyejua kusoma akasomewa.

Wahausa wanaviita littattafan soyayya, vitabu vya mapenzi. Kwa zaidi ya miaka 30 vimeshutumiwa magazetini, vimekemewa misikitini, vimewekewa bodi ya udhibiti na vimechomwa moto. Ugomvi huo husimuliwa kama ugomvi wa maadili. Kwangu mimi, chini ya maadili kuna jambo jingine ambalo wakosoaji hawakulisema waziwazi: walikuwa wakiwagombania wasomaji. Waliosoma walikuwa wasichana na wake za watu, na walisoma bila kusimamiwa na baba, mume, mwalimu wala serikali.

Riwaya ya Kihausa ilizaliwa ofisini. Mwaka 1933 afisa elimu Mwingereza, Rupert East, aliyeongoza ofisi ya tafsiri ya serikali ya kikoloni mjini Zaria, aliitisha shindano la uandishi. Humo zilitoka Ruwan Bagaja ya Abubakar Imam, Gandoki ya Bello Kagara na Shaihu Umar ya Abubakar Tafawa Balewa, ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu wa Nigeria. Zilikuwa hadithi za safari, vita, majini na utumwa, zilizoandikwa na wanaume na kupitia mikononi mwa wahariri wa serikali. Ilipita karibu nusu karne kabla ya riwaya ya mwanamke kutoka kiwandani. Mwaka 1980 Hafsat Abdulwaheed alichapisha So Aljannar Duniya, kisa cha binti anayetaka kumchagua mume mwenyewe.

Mambo mawili ndiyo yaliyofungua mlango. Mwaka 1976 Nigeria ilianzisha elimu ya msingi kwa watoto wote, na miaka kumi baadaye Kano ilikuwa na kizazi kizima cha wasichana wanaojua kusoma Kihausa. Kisha mwaka 1986 ukaja mpango wa kurekebisha uchumi. Thamani ya naira ikaporomoka, karatasi ikapanda bei, na wachapishaji wa serikali wakawa hawana nguvu ya kutoa vitabu vipya. Waandishi vijana hawakuwa na mtu wa kumpelekea miswada yao, wakaamua kuchapa wenyewe. Walitumia akiba, mikopo ya ndugu na mitambo midogo ya mjini, wakagawa nakala kwa wachuuzi wa vitabu. Hadithi ndefu ilikatwa vipande: sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Walianzisha vyama vyao, Raina Kama na Kukan Kurciya, wakasomeana kazi zao na kusahihishana. Ado Ahmad Gidan Dabino alijipatia jina kwa In Da So Da Kauna, riwaya iliyouzwa sana na hatimaye ikawa filamu.

Lakini aliyeziingiza riwaya hizi katika mambo mazito ni Balaraba Ramat Yakubu. Alizaliwa Kano mwishoni mwa miaka ya 1950, dada mdogo wa Murtala Mohammed, mkuu wa nchi aliyeuawa Februari 1976. Aliozwa akiwa bado mtoto, kwa mwanaume aliyemzidi umri mbali, na ndoa ile haikudumu. Kusoma na kuandika alijifunza ukubwani, katika masomo ya watu wazima. Alipoanza kuandika aliandika juu ya yale aliyoyajua. Katika Wa Zai Auri Jahila? binti wa miaka 13 anaozwa kwa nguvu, anatoroka, anasoma na kuyajenga maisha yake upya. Katika Alhaki Kuykuyo Ne, iliyotoka mwaka 1990, tajiri bahili anaoa kahaba na kumfukuza mkewe Rabi pamoja na watoto wao. Rabi anapika chakula cha kuuza, anasomesha watoto, anasimama. Mume anafilisika, anarudi akiomba msamaha, na ndugu wanamshinikiza Rabi ampokee. Mwisho huo unauma, kwa sababu Balaraba hakutaka kuwadanganya wasomaji wake kwamba mwanamke akishinda katika biashara ameshinda na nyumbani. Mwaka 2012 riwaya hiyo ilitolewa kwa Kiingereza huko Chennai, India.

Kuchapishwa India kulikuwa kama kurudisha salamu. Filamu za Kihindi zilipendwa Kano tangu miaka ya 1960, kama zilivyopendwa Zanzibar na Mombasa. Mwaka 1997 mtafiti Brian Larkin alieleza kwamba waandishi wa soyayya walichota humo. Wapenzi waliosimuliwa katika filamu hizo hawakuwa Wazungu. Waliwaheshimu wazazi, walivaa kwa stara, waliishi katika ukoo mkubwa, na bado walitaka kuchagua wenyewe. Kijana wa Kano aliliona tatizo lake mwenyewe pale, akaliandika kwa lugha yake.

Mashambulizi yalianza mapema miaka ya 1990, na yaliendelea kwa miaka magazetini. Wasomi wa fasihi, Ibrahim Malumfashi akiwa miongoni mwao, walizikosoa kazi hizi kwa wepesi wake. Wengine walisema zinawafundisha mabinti ukaidi, tamaa ya mali na tabia za kigeni. Abdalla Uba Adamu wa Chuo Kikuu cha Bayero alizichukulia kwa uzito, akazichunguza na kuziandikia. Sehemu ya lawama ilikuwa ya haki. Vitabu vingi viliandikwa kwa haraka, tahajia ilikuwa ya kubahatisha, visa vilifanana, na mashujaa wake walikuwa na magari mazuri kupita kiasi. Hata hivyo maradhi hayo yanatibiwa na mhariri, na mhariri hakuwepo kwa sababu waliokuwa na pesa za kumlipa walikwishaacha kuchapisha. Kinachonisikitisha katika mjadala ule ni kwamba msomaji mwenyewe aliulizwa mara chache sana. Alizungumziwa kama mgonjwa asiyejua kinachomdhuru, ilhali alikuwa akimwandikia mwandishi barua kwa anwani ile ya kwenye kitabu, akimweleza ya nyumbani kwake na kumwomba ushauri.

Waliosema vitabu hivi vinapinga dini hawakuvisoma vizuri. Katika fikihi ya Kimaliki, inayofuatwa na Waislamu wengi wa Nigeria Kaskazini, baba anaweza kumwoza binti yake bikira bila kutaka ridhaa yake. Papo hapo zipo hadithi za Mtume zinazosema binti aombwe idhini, na mashekhe wenyewe wamezijadili kwa karne nyingi. Mtafiti Novian Whitsitt alionyesha mwaka 2002 jinsi Balaraba anavyojenga hoja zake humo humo, ndani ya Uislamu, kwa kutofautisha mafundisho ya dini na mila zinazojificha nyuma yake. Binti anayesema “dini inanipa haki ya kuulizwa” ni mgumu kumjibu kuliko binti anayesema “sitaki”. Nadhani hapo ndipo wenye mamlaka walipoguswa hasa.

Mwaka 2000 Kano ilitangaza sharia, na mwaka uliofuata ikaunda bodi ya udhibiti wa filamu na vitabu. Agosti 2007 video ya faragha ya mwigizaji mmoja wa filamu za Kihausa ilisambaa katika simu, na hasira ya umma ikawaangukia wasanii wote. Utengenezaji wa filamu ulipigwa marufuku kwa miezi kadhaa. Mwaka huo huo gavana Ibrahim Shekarau alikwenda katika shule ya wasichana, na pale, hadharani, riwaya za mapenzi zikachomwa moto. Mahali palichaguliwa kwa makusudi. Waliotakiwa kuona vitabu vikiungua walikuwa wasomaji wake. Baadaye bodi, chini ya Abubakar Rabo Abdulkarim, ilitaka waandishi wajisajili kwake, na tawi la Kano la Chama cha Waandishi wa Nigeria likapinga.

Moto ule ulipata jibu miaka kumi baadaye, kutoka mahali ambapo wengi hawakutazamia. Aprili 2017, akihutubia mkutano mjini Kaduna, emiri wa Kano Muhammadu Sanusi II, kiongozi wa juu kabisa wa kidini na kimila katika mji huo, aliuliza hadharani vitabu vile vilikuwa na kosa gani zaidi ya kuandikwa kwa Kihausa na kuzungumzia mapenzi. Aliliuliza hilo katika hotuba ya kuukosoa uongozi wa Kaskazini kwa umaskini na kwa hali ya wanawake wake. Machi 2020 serikali ya jimbo ilimvua uemiri, kwa ugomvi mpana zaidi ya huo.

Biashara ya vijitabu imenywea tangu simu zienee. Waandishi wengi, na sasa wengi wao ni wanawake, wanatuma riwaya zao sura moja moja kwa WhatsApp. Sura za mwanzo ni bure, na anayetaka kujua yaliyompata binti analipia zilizobaki. Mtoto hahitaji tena kutumwa sokoni. Vituo vya redio navyo huzisoma riwaya hewani, na wanaume waliozikebehi vibandani huzisikiliza wakiwa kazini. Mwaka 2016 idhaa ya Kihausa ya BBC ilianzisha Hikayata, shindano la hadithi fupi kwa wanawake peke yao. Mshindi wa kwanza, Aisha Muhammad Sabitu, aliandika juu ya maisha ya wakimbizi kambini. Hadithi bora za shindano hilo husomwa redioni kwa Wahausa wote, wake kwa waume.