Ultrasaundi na kasoro za viungo vya mtoto tumboni

Kipimo cha ultrasaundi kinaweza kuonyesha kasoro za mikono na miguu ya mtoto miezi kadhaa kabla hajazaliwa. Hata hivyo, hakioni kila kitu, na si kila kasoro kinayoionyesha ni ulemavu wa maisha.

Chombo hicho hupeleka tumboni mawimbi ya sauti yasiyosikika na binadamu, kisha hupokea mwangwi wake na kuugeuza kuwa picha. Mifupa hurudisha mwangwi mkali, kwa hiyo huonekana myeupe. Matumizi yake kwa wajawazito yalianzia Glasgow, Uskoti, ambako Ian Donald na wenzake walichapisha matokeo yao mwaka 1958.

Kati ya wiki ya 11 na ya 14 ya ujauzito, mpimaji anaweza kuthibitisha kwamba mikono na miguu yote ipo. Uchunguzi wa kina hufanywa kati ya wiki ya 18 na ya 22, ambapo mfupa wa paja hupimwa urefu wake na mkao wa nyayo huangaliwa. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani limependekeza kila mjamzito apimwe angalau mara moja kabla ya wiki ya 24.

Ugumu upo katika viungo vidogo. Mtoto akikunja ngumi, vidole havihesabiki. Mkao wake, uchache wa maji ya uzazi, unene wa mama na ujuzi wa mpimaji huathiri picha. Kwa hiyo majibu mazuri hayawi hakikisho kamili.

Miongoni mwa kasoro zinazogunduliwa mara nyingi ni unyayo uliopinda kuelekea ndani, unaompata takriban mtoto 1 kati ya 1,000 wanaozaliwa. Hauwezi kunyooshwa mtoto angali tumboni, lakini ukigunduliwa mapema wazazi hupata muda wa kutafuta kliniki. Tiba ya Ignacio Ponseti, daktari wa Iowa, Marekani, huanza majuma machache baada ya kuzaliwa: mguu hunyooshwa taratibu kwa plasta ngumu inayobadilishwa kila wiki, na mara nyingi kano ya kisigino hukatwa kidogo. Baadaye mtoto huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa upau, hasa usiku, hadi afikie miaka 4 hivi. Wazazi wakiviacha mapema, unyayo huweza kupinda tena. Nchini Uganda tiba hii imekuwa ikitolewa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990.

Kasoro ikionekana, hatua ya kwanza ni kurudia kipimo kwa mtaalamu mzoefu na kuchunguza moyo, uti wa mgongo na viungo vingine, kwa kuwa kasoro ya mguu huweza kuandamana na nyingine. Baada ya hapo ndipo familia na wahudumu wa afya hupanga mahali pa kujifungulia na matibabu yatakayofuata.