Zamu kwa Zamu: Jinsi Kompyuta za Zamani Zilivyofanya Kazi Mbili

Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni Tanzania Bara bila kibali maalumu. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, mradi uliofuata wa kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine kubwa zaidi ukaenda mrama, na marufuku ikazaliwa. Ndiyo maana mtaani Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara za namba, taipureta zilitawala muda mrefu kabla ya steshenari kuanza kuweka kompyuta mezani.

Kompyuta ndogo nyingi za miaka ya 1980 zilitumia mfumo wa DOS, ulioendesha programu moja kwa wakati. Watu wakatafuta ujanja. Mwaka 1984 kampuni ya Borland ilitoa Sidekick, programu iliyojificha kwenye kumbukumbu ikisubiri kuitwa kwa vitufe: kikokotoo na daftari vinatokea juu ya kazi yako, kisha vinaondoka. Mwaka uliofuata Quarterdeck wakaleta DESQview, iliyoziweka programu kadhaa za DOS kwenye madirisha.

Windows 3.1 ilitoka mwaka 1992, na hapo ndipo penye utamu. Prosesa ilikuwa moja tu, hivyo programu zilipokezana kama kina mama kwenye bomba: mwenye ndoo akijaza, apishe. Tatizo ni kwamba kupisha kulitegemea ustaarabu wa programu yenyewe. Moja ikigoma, kishale kinabaki saa ya mchanga na kompyuta nzima imestaki. Barua ambayo haijaseviwa ndiyo imekwenda. Na kumbukumbu ya megabaiti nne ikijaa, mashine inaanza kukopa nafasi kwenye diski. Taa ya diski inawaka na kuzima, mchapaji anangoja herufi zijitokeze.

Windows 95 ilimpa mwenye bomba mamlaka: mfumo wenyewe uliinyang'anya programu zamu muda wake ukiisha. Hata hivyo, programu za zamani za biti 16 ziliendelea kupishana kwa hiari, kwa hiyo moja ikigoma, wenzake nao walikwama.

Kwangu mimi, kifaa kizuri cha kumfundishia kijana jinsi prosesa inavyogawa muda ni mashine ya zama hizo, kwa sababu zamu zinaonekana kwa macho. Mwenye nayo stoo pale Ngamiani asiikimbize kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Aipeleke shule iliyo karibu.