Kilichounguza Gasketi

Historia ya Ngara ya miaka ya 1990 huanzia darajani. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 hivi, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka Mto Kagera pale Rusumo wakitoka Rwanda. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilisema halijawahi kuona watu wengi kiasi hicho wakivuka mpaka kwa kasi ile. Ndani ya siku chache eneo la Benaco, lililorithi jina la kampuni ya Kitaliano iliyokuwa ikijenga barabara, likawa na watu wengi kuliko mji wowote wa Mkoa wa Kagera.

Hayo yameandikwa sana. Mimi nimevutiwa na kitu kilichosimama nyuma ya umati: gari jeupe lenye bendera mlangoni. Nimelifuatilia gari hilo kwa sababu watu wa kambini waliondoka, mashirika yakafunga ofisi, lakini ndugu zake bado wapo barabarani. Wamepakwa rangi mpya, wamebadilishwa viti, na baadhi yao wanachemsha kila wakipanda mlima.

Turudi nyuma kidogo. Chakula cha kambi za Ngara kilisafiri kwa reli hadi Isaka, kisha malori yakakipeleka kwa barabara kupitia Kahama, Nyakanazi na Lusahunga hadi Benaco. Lakini daktari, mhandisi wa maji na mwandikishaji wa wakimbizi hawakupanda lori. Walihitaji gari linaloweza kuiacha lami, kushuka bondeni kutafuta chanzo cha maji na kurudi siku hiyo hiyo. Mara nyingi gari hilo lilikuwa Toyota Land Cruiser ya familia ya 70, iliyoanza kuuzwa mwaka 1984. Kuanzia mwaka 1990 ilipatikana na injini ambayo fundi yeyote wa Kanda ya Ziwa ataitambua kwa muungurumo: 1HZ, silinda sita, lita 4.2, haina tabo.

Sifa kubwa ya 1HZ ni kwamba haina haraka. Haitoi nguvu nyingi kwa ukubwa wake, kwa hiyo haijichoshi. Lakini ni dizeli, na dizeli haina plagi ya kurusha cheche. Pistoni huibana hewa zaidi ya mara 22 mpaka ipate joto la kuwasha mafuta yenyewe. Mlipuko huo hutokea mara nyingi kila sekunde, na kati yake na mifereji ya maji inayopoza injini kuna kizibo kimoja chembamba, chenye unene wa kama milimita moja, kilichobanwa katikati ya bloku na hedi. Hicho ndicho gasketi ya hedi. Kazi yake ni kuvitenga vitu vitatu visikutane: moto, maji na oili.

Mwanzoni mwa Desemba 1996 serikali ya Tanzania na UNHCR zilitangaza kwamba wakimbizi wa Rwanda warejee kwao ifikapo tarehe 31 mwezi huo. Daraja la Rusumo likajaa tena, safari hii watu wakielekea upande wa pili. Kambi za Warundi, kama Lukole, ziliendelea hadi miaka ya 2000, kisha nazo zikafungwa. Mradi unapofungwa, magari yake hukabidhiwa kwa serikali au taasisi za huko huko, ama hupigwa mnada. Gari lililofika likiwa na fundi wake, stoo ya vipuri na ratiba ya matengenezo linabaki na ufunguo tu.

Ndiyo maana, nilipokuwa Biharamulo nikikusanya simulizi kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, nilitumia siku nyingi gereji kuliko nilivyopanga. Fundi mmoja wa makamo, aliyejifunza kazi akiwa kijana wakati wa kambi, alikuwa ameifungua Land Cruiser ya zamani. Dereva alikuja na jibu tayari: gasketi imeungua, badilisha. Dalili zilimuunga mkono. Injini ikiwaka, mapovu yalitoka kwenye mdomo wa rejeta. Asubuhi, gari likiwa limelala baridi usiku kucha, mpira wa juu wa rejeta ulikuwa bado mgumu kwa presha. Kwenye kijiti cha kupimia, oili ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa.

Nilimuuliza fundi kazi itachukua muda gani. Akanijibu akiendelea kulegeza nati: "Kubadilisha ni siku mbili. Kujua kilichoiunguza ndiyo kazi. Gasketi haijiunguzi, mdogo wangu."

Nikakaa. Alimwaga maji, akatoa rejeta, mikono ya hewa na ya moshi, akaweka alama kwenye mkanda wa taimingi kabla ya kuugusa. Boliti za hedi alizilegeza kidogo kidogo, akianzia pembeni kuelekea katikati, ili chuma kisipinde kwa kuachiwa upande mmoja. Watu wawili wakainyanyua hedi. Gasketi ya zamani hakuitupa. Aliiweka juani na kuisoma: kati ya silinda mbili palikuwa na njia nyeusi, nyembamba kama mstari wa kalamu, inayoishia kwenye tundu la maji.

"Hapa ndipo palipotoboka," alisema. "Lakini hapa sipo palipoanzia."

Palipoanzia palikuwa kwenye rejeta. Aliikata mdomo wa juu, na nusu ya mirija ilikuwa imezibwa na magadi na kutu. Kwa miaka mingi gari lile lilinyweshwa maji ya popote: ya kisima, ya mto, ya dimbwi la kando ya barabara. Kulanti, ambayo huzuia kutu na kuongeza kiwango cha joto ambacho maji huchemkia, ilikuwa kitu cha enzi za mradi. Themostati haikuwapo. Ilitolewa zamani, kwa imani iliyoenea Afrika Mashariki yote kwamba bila themostati maji hupita kwa uhuru na injini hupoa. Imani hiyo ilizaliwa na sababu ya kweli: themostati zilikwama, na vipuri halisi havikupatikana. Lakini katika injini nyingi zenye njia ya pembeni ya maji, ukiiondoa themostati sehemu ya maji ya moto huzunguka ndani kwa ndani bila kufika kwenye rejeta. Dawa ya jana ikawa ugonjwa wa leo.

Kisha kulikuwa na mfuniko wa rejeta. Springi yake ilikuwa imelegea. Ukiwa pwani unaweza kulidharau jambo hili, lakini mlima haukuruhusu. Ngara mjini pako zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kimo hicho hufanya maji yaliyo wazi yachemke kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Mfuniko mzima huyabana maji, yakavuka nyuzi 110 bila kuchemka. Mfuniko uliolegea huiacha injini na kinga ile ile ya sufuria iliyo jikoni.

Kwa hiyo orodha ya fundi ilikuwa ndefu kuliko ya dereva: gasketi, ndiyo, lakini pia rejeta, themostati, mfuniko, mipira. Hedi aliipima kwa rula ya chuma na vipimio vya bati. Ilikuwa imepinda. Ikafungwa kwenye gunia na kupakiwa kwenye basi la Mwanza, kwenye mashine ya kusawazisha na mtu wa kuangalia nyufa kati ya vali. Kabla ya Daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025, mizigo ya namna hiyo ilisubiri kivuko pamoja na abiria. Hedi iliporudi, alipima pistoni zinachomoza kiasi gani juu ya bloku ili achague unene sahihi wa gasketi, akaiweka kavu, kisha akakaza boliti kwa hatua, safari hii kutoka katikati kwenda pembeni. Kufungua huanzia nje, kufunga huanzia ndani.

Dereva alilalamikia bei. Bosi wake alikuwa ametoa fedha za gasketi tu. Nilifikiri: hivi ndivyo dharura inavyolipiwa. Fedha za kununua gari jipya hupatikana wakati kamera zipo. Fedha za rejeta hutafutwa baadaye, na aliye karibu. Gari lililoletwa kuokoa maisha ya watu laki kadhaa linaweza kuishia kuwa gari la kituo cha afya, na mjamzito aliyemo ndani, kati ya kijiji na hospitali, anategemea mfuniko ambao hakuna bajeti iliyouandika.

Tasnifu yangu ilibadilika pale. Nilikuwa nimepanga kuanza na Aprili 1994, kama vitabu vingi vinavyofanya, kana kwamba siku ile mbingu ilipasuka. Fundi alinifanya niulize swali lake: palipotoboka ndipo, je, palianzia wapi? Ngara ilikuwa imepokea Wanyarwanda tangu vurugu za mwaka 1959 na uhuru wa 1962. Makazi ya Muyenzi, ndani ya wilaya hiyo hiyo, yalianzishwa kwa ajili yao mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wengine walikimbilia Uganda, na watoto wao walipokosa njia ya kurudi kwa amani wakaingia Rwanda kwa silaha tarehe 1 Oktoba 1990. Mkataba wa amani ulitiwa saini Arusha Agosti 1993. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo huo Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na Warundi wakamiminika Kagera na Kigoma miezi sita kabla ya Rusumo kujaa. Presha ilikuwa imeshaonekana kwenye mpira, asubuhi, gari likiwa baridi.

Mfano huu una mpaka wake. Chuma kikipata joto hakina hiari, watu wanayo. Mauaji ya kimbari ya Rwanda yalipangwa na kutekelezwa na watu waliochagua, na baadhi yao walivuka daraja wamechanganyika na umma uliokuwa ukikimbia vita. Kutafuta chanzo si kumpunguzia mtu dhambi. Ninachokidai ni kidogo zaidi: mwaka tunaouandika kwa wino mzito mara nyingi ndio mwaka ambao kitu kilitoboka, na anayerekebisha mahali pa tundu pekee atarudi gereji.

Leo Rusumo kuna daraja jipya la njia mbili na kituo cha pamoja cha forodha, na malori hupita bila kusubiriana kama zamani. Mwanahistoria atakayeandika habari zake atapata kwa urahisi tarehe ya uzinduzi na majina ya waliokata utepe. Ningemshauri atafute pia daftari la gari, lile la jalada gumu linalokaa chini ya kiti cha dereva, lenye tarehe za kubadili oili, kilomita na sahihi ya fundi. Humo ataona ni mwaka gani kulanti iliacha kununuliwa na themostati ilitolewa lini. Atajua ni mwezi gani dereva aliandika kwa mara ya kwanza neno "linachemsha", na ni miezi mingapi ilipita kabla mtu yeyote hajamjibu.